Kijiji cha O Lugembe

Karatasi za Dar es Salaam zilipofika kwa treni, Mzee Yahaya, karani mkuu wetu, alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akasoma tena. Kisha akaniita.

"Binti, hebu njoo. Wewe mtu wa huko mashambani. Kuna kijiji kinaitwa O Mahona?"

"Hakuna, mzee."

"Na O Ngollo?"

"Hayo si majina ya watu hayo?"

"Ndiyo maana nakuuliza. Na hiki hapa, O Lugembe?"

Nikamnyang'anya karatasi. Najua si adabu kumnyang'anya mtu mzima kitu mkononi, lakini Lugembe ni baba yangu, na baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Nikasoma kwa macho yangu: kijiji, O LUGEMBE. Mkazi, KOLETA D. Hakuna mwingine. Koleta ni dada yangu, tumbo moja.

Mimi naitwa Paskazia. Mwaka ule, sabini na tano, nilikuwa mpiga utepe katika ofisi ya mazao ya mkoa, hapa Tabora mjini. Wengine wakisikia utepe wanafikiri cherehani. Hapana. Ni mashine ya herufi, ukibonyeza inatoboa vitundu kwenye ukanda wa karatasi, na ukanda huo unatumwa Dar kwenye mashine kubwa ambayo sisi hatukuwahi kuitia machoni. Ni kazi ya kukaa kutwa nzima, na mimi kukaa siwezi. Nilikuwa napiga mistari michache, nainuka, nachungulia dirishani, narudi. Mzee Yahaya alizoea kuniambia, "Wewe kiti chako kina siafu?"

Sasa sikiliza, maana bila hili hutaelewa kitu. Mashine ile ya Dar haimjui mtu. Inasoma herufi moja baada ya nyingine, mfululizo, haipumziki. Haijui jina linaishia wapi na kijiji kinaanzia wapi mpaka uiwekee alama ya kukatia. Alama waliyotuagiza ilikuwa mshazari, ule mstari mmoja uliolala upande. Ikikutana na mshazari, inakata. Kipande cha kwanza inakichukua kuwa jina la mkulima, cha pili kuwa kijiji chake. Kikitokea cha tatu, inakitupa. Na kwa karatasi hiyo inayotoka huko ndipo lori la mbolea linapojua liende wapi, na mwenyekiti wa kijiji anapojua nani ni wake na nani si wake.

Vizuri. Lakini ofisini kwetu, tangu enzi za Mwingereza, mtu haandikwi hivihivi. Kodi, mahakama, hospitali, kote ni d/o kwa binti wa fulani na s/o kwa mwana wa fulani, na katikati mshazari umelala pale pale. Tumezoea mpaka hatuuoni tena. Mimi mwenyewe nilipiga vile, Mzee Yahaya akakagua vile, Dar wakapokea vile. Koleta d/o Lugembe, mshazari, Goweko. Mashine ikafanya ilivyofundishwa. Ikakata kwenye d, ikapata jina: Koleta D. Ikakata tena, ikapata kijiji: O Lugembe. Goweko ikabaki kipande cha tatu, ikatupwa.

Watu wa mjini wenye mashamba Itetemia walisalimika, kwa kuwa wao wanaandikwa bin na binti. Omari bin Selemani alikuwa mahali pake, ametulia. Ila akina Anton na Ngollo na Pelagia wa vijijini, kila mmoja alikuwa amepewa kijiji chake peke yake, na kijiji chenyewe ni baba yake mzazi.

"Astaghafirullah," akasema Mzee Yahaya. "Wataanza kusema ofisi imependelea Waislamu."

Mimi nilicheka. Nasema kweli, nilicheka mpaka machozi. Sikujua yanayokuja.

Bwana Masolwa, mkuu wa ofisi, hakucheka hata kidogo. Alikuwa mtu mwema lakini mwenye hofu, na mtu mwenye hofu akipewa karatasi yenye muhuri wa Dar anaishika kama roho yake. Tulipomweleza, alizunguka meza, akasimama dirishani.

"Nakala zimekwisha kwenda vijijini?"

"Zimeshuka stesheni moja kwa moja, bwana," nikajibu. "Hazikupita hapa."

"Mungu wangu." Akakaa. "Basi piga upya. Wote. Ondoa hizo d/o na s/o zako, andika majina mawili tu. Utepe uondoke na treni ya Ijumaa, mvua hazitusubiri. Na mjue, Dar wameagiza hivi: kijiji kitakachoonekana kina mtu mmoja tu kitahesabiwa kosa, na mtu huyo atafutwa mpaka msimu ujao. Mtu mmoja si kijiji. Umenisikia, Paskazia?"

"Nimesikia, bwana."

Nikaanza kupiga. Mchana wake akaingia Anton, katibu wa kijiji cha Goweko, vumbi hadi kwenye kope. Hakuamkia mtu. Akanitazama mimi.

"Dada yako ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Kwao. Mwenyekiti alisoma karatasi mkutanoni, mbele ya watu wote. Alipofika kwenye jina la Koleta akasoma, Koleta D, kijiji cha O Lugembe. Watu wakacheka. Koleta hakucheka. Akaenda akafunga jembe na chungu na kopo la mbegu, akajitwisha, akashika njia. Mwenyekiti amewaka. Anasema hii ni kutoroka kijiji, na mtu akitoroka mmoja watatoroka wote. Asiporudi mwenyewe kabla ya Jumamosi, anapeleka mgambo wamlete kwa kamba."

Nilijua amekwenda wapi. Kuna mahali nyuma ya Kigwa, ubavuni mwa njia ile ya zamani ya misafara, ambapo tangu nazaliwa paliitwa kwa Lugembe. Hapakuwa na bango wala hapakuandikwa kwenye ramani, lakini ungemuuliza mtu yeyote wa njia ile angekuonyesha kwa kidole. Baba alipafyeka mwenyewe. Nyumba zetu, mashamba, kisima, kijito cha kumwagilia vitalu vya tumbaku. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipokuja mwaka uliotangulia, waliwapakia watu wetu kwenye tela la trekta kwenda Goweko, na ili mtu asirudi wakachoma mapaa. Baba alikuwa na homa. Alisema ngojeni nipone. Hawakungoja. Alifia kwenye tela, Koleta amemshikilia kichwa, na mimi nipo mjini sina habari. Nilipofika, walikuwa wamekwisha kumzika Goweko, mahali asipomjua hata jirani mmoja.

Nikamwambia Bwana Masolwa naumwa. Akaniangalia miguu, jinsi ilivyokuwa haitulii, akasema nenda.

Asubuhi yake nilishuka Kigwa na kukata porini. Nilikuwa natembea mbiombio, naongea peke yangu, namgombeza Koleta kabla sijamwona. Nitamwambia hivi, nitamwambia vile, mtu mzima na akili zako, unataka upigwe mbele ya watu? Njia ilikuwa imeota majani. Kila nikisikia mlio nyuma yangu nageuka, nadhani ni mgambo wametangulia siku.

Nikamkuta ameinama kitaluni. Amekwisha kupanda tuta moja, amelifunika majani, amechota maji kijitoni. Nyuma yake kuta za nyumba ya baba zimesimama bila paa, nyeusi, na kwenye kona moja amekwisha kuezeka kipande kidogo cha nyasi, kiasi cha mtu kulala.

"Mwangaluka, dada. Shikamoo."

"Marahaba." Hakuinuka. "Umekuja na treni ya asubuhi? Maji yako kwenye mtungi."

"Sikuja kunywa maji! Koleta, unajua ulichofanya? Mwenyekiti anatuma mgambo. Jumamosi!"

"Wa nini? Mimi sijatoroka. Nimetii. Serikali imesoma jina langu, imesema Koleta, kijiji chako ni Lugembe. Nimekuja kijijini kwangu. Mwaka jana waliposema Goweko, si nilikwenda? Mwaka huu wamesema Lugembe, nimekuja. Kosa langu liko wapi?"

"Ni kosa la mashine!" Nikaanza kumweleza habari ya utepe na mshazari, namchorea chini kwa kijiti, nakata mstari hapa, nakata pale. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kama mtu anavyomsikiliza mgeni.

"Kwa hiyo mashine ilinikata mimi ikaweka huku, ikamkata baba ikamweka huku."

"Ndiyo."

"Ikamfanya baba kuwa kijiji."

"Ndiyo, lakini ni makosa, Koleta, haikukusudia."

Ndipo akainuka. Dada yangu ni mrefu kuliko mimi, na alipoinuka nilijiona mtoto.

"Baba alifia mikononi mwangu kwenye tela. Niliwaambia wasimamishe, hawakusimamisha. Hilo mliliita kosa? Mtu yeyote alitoka mjini mbio, na jasho, akaja kuniambia Koleta, samahani, ile ilikuwa makosa? Hakuna. Sasa limetokea kosa moja lenye kheri, moja tu, na hili ndilo mnalokimbilia kulisahihisha!"

Damu ilinichemka, na sikujua nimchemkie nani. Nikazunguka kitalu, nikapiga teke bonge la udongo, nikarudi.

"Nikiacha jina lako lilivyo, watakufuta," nikamwambia. "Wamesema mtu mmoja si kijiji. Hutapata mbolea, hutapata soko, na mwenyekiti atasema huna pako, atakurudisha. Nikilisahihisha, unabaki wa Goweko, na mgambo wanakuja vilevile. Niambie nifanye nini."

"Usifanye kitu. Fanya kazi yako." Akainama tena. "Mimi nimechoka kuhamishwa, Paska. Wakitaka kunitoa safari hii wanitoe kama walivyomtoa yeye."

Alisema vile bila kupandisha sauti, na ndicho kilichonitisha. Namjua Koleta. Angekaa chini, wangemvuta, asingeinuka. Mgambo wale wana marungu.

Nilirudi mjini na treni ya mizigo, nimekaa juu ya madebe ya asali. Wakati wote nilikuwa namlaumu kila mtu, Koleta, mwenyekiti, Bwana Masolwa, hata baba, kwa nini hakupona homa yake. Nilipofika ofisini Mzee Yahaya alikuwa ameshanipangia majina, na alhamdulillahi hakuniuliza naumwa nini.

Nikapiga. Mahona Ngollo, mshazari, Goweko. Pelagia Alois, mshazari, Goweko. Yeye anasoma, mimi natoboa. Wakulima wale wote walihitaji mbolea ile, ya chumvichumvi, wenye watoto na wenye wazee, na nilimrudisha kila mmoja kwenye kijiji chake bila kukosea. Hilo najivunia hadi leo. Hakuna mkulima aliyekosa mbolea kwa ajili yangu.

"Koleta d/o Lugembe," akasoma Mzee Yahaya. "Andika Koleta Lugembe. Goweko."

Nikainuka, nikanywa maji, nikarudi, nikainuka tena, nikafungua dirisha.

"Binti, treni."

"Najua, mzee, najua!"

Nikakaa. Nikapiga Koleta, nikapiga d, nikapiga mshazari. Herufi zilitoka sawasawa. Nikamaliza mstari. Halafu, bila kusomewa na mtu, nikapiga mstari mwingine chini yake: Paskazia d/o Lugembe. Kwisha.

Mzee Yahaya alikuwa na miaka mingi na tepe zile, vitundu vyake anavisoma kama wewe unavyosoma gazeti. Akauvuta ukanda, akaupitisha mbele ya miwani, polepole.

"Hili la chini ni jina lako."

"Ndiyo, mzee."

"Mfanyakazi wa ofisi haruhusiwi kuandikwa mkulima."

"Najua."

"Ukiandikwa, huna kazi hapa. Una chumba cha kulipia, una mshahara wa serikali, wasichana wangapi wanakitaka hicho kiti usichokikalia?" Akanitazama. "Umefikiri?"

"Sikufikiri, mzee. Nikifikiri sitafanya."

Nje treni ilikuwa imeanza kupiga filimbi. Akaukunja utepe, akautia bahashani, akalamba gundi, akafunga. Kisha akampelekea mtu wa posta kwa mkono wake mwenyewe, na kanzu yake, akichechemea kwa mguu wake mbovu.

Nikamtumia habari Anton: mwambie mwenyekiti wako karatasi mpya inakuja, asitume mgambo, akimgusa mtu asiye wa kijiji chake atajibu mkoani. Nilimtisha kwa kitu ambacho hakijawa bado. Mwenyekiti akaogopa, akangoja. Siku zile za kungoja sikula vizuri. Kila nikisikia lori linapita, naruka.

Karatasi zikarudi. Safari hii hakuna O Mahona wala O Ngollo, kila mtu kwao. Mwishoni kabisa, chini ya Goweko na Kigwa na vijiji vyote vyenye mamia ya watu, ukurasa mzima mtupu ulikuwa na mistari mitatu. O LUGEMBE. KOLETA D. PASKAZIA D. Mashine ilikuwa imetukata vilevile na kutuweka pamoja.

Bwana Masolwa aliniita. Karatasi ilikuwa juu ya meza.

"Paskazia D ni nani?"

"Mimi, bwana."

"Unanichezea?"

"Hapana, bwana."

"Hiki kijiji hakipo!"

"Kipo, bwana. Kina watu wawili."

Akainuka, akakaa, akainuka. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa haketi. Nikaona hasira yake inapanda, halafu nikaona inashindwa kufika juu, maana karatasi ile ilikuwa na muhuri, na kuirudisha Dar mara ya pili ni kusema ofisi yake imeshindwa kuandika majina.

"Nisikilize," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Naweza kukata jina lako kwa kalamu nyekundu hapa hapa, na wewe ukarudi kwenye mashine yako, tukasahau. Lakini nikikukata wewe, anabaki mmoja. Unajua maana yake."

"Najua."

"Na nisipokukata, wewe ni mkulima, na mkulima hana kazi ofisini kwangu. Leo hii."

Akafungua kalamu. Aliifungua kwa huruma, nasema kweli, alitaka nimwambie kata. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikipenda chumba changu cha mjini, nilizipenda Jumapili za mjini, na kilimo cha tumbaku nilikichukia tangu utotoni, moshi wa bani, lile banda la kukaushia majani, ulikuwa unaniumiza kifua. Machozi yalinitoka pale pale mbele yake. Nikaweka ufunguo wa chumba cha utepe juu ya meza, nikasema, "Asante, bwana," nikatoka.

Nilifika kwa Lugembe jua linaanza kupungua makali, godoro kichwani, sufuria mbili, na viatu vyangu vya kisigino nimevishika mkononi. Koleta aliniona kutoka mbali. Alisimama katikati ya tuta na jembe, amelishika kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja kupigana.

"Wamekutuma unirudishe?"

"Hapana."

"Umekuja kusalimia?"

"Hapana, dada. Nimehamia."

Akatazama godoro. Akatazama viatu. Dada yangu huyu hakulia kwenye tela, hakulia kaburini, watu wa Goweko walimsema kwamba ana moyo wa jiwe. Jembe lilimtoka mikononi. Akakaa chini kwenye udongo wa baba, miguu ameinyoosha mbele, akalia kwa sauti, na alikuwa analiita jina la baba, Lugembe, Lugembe, mpaka nikatua mzigo nikaenda kumshika kichwa.